Fungu la Mkataji

"Wawili tu?" mkaguzi wa nyama aliuliza, ingawa alikuwa anawaona kwa macho yake mwenyewe. Ng'ombe wawili walikuwa wamening'inia kwenye ndoano, wameshachunwa, na sehemu iliyobaki ya bomba la ndoano ilikuwa tupu kiasi kwamba ndege walikuwa wametua juu yake bila wasiwasi wowote.

"Wawili," alijibu mwenye kisu. "Lakini asubuhi bado mbichi."

Mkaguzi huyo watu walimwita Muhuri, kwa sababu ya ule muhuri wake wa wino wa zambarau ambao bila huo hakuna nyama iliyoruhusiwa kutoka mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Aliinama, akapasua tezi za shingo, akakata ini katikati na kulinusa, akaupenyeza mkono ndani ya kifua cha kila mmoja, kisha akapiga muhuri kwenye mapaja. Alipomaliza aliosha mikono polepole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Mzee, sikufichi. Manispaa imeshasema. Ng'ombe watatu kwa siku, vinginevyo machinjio haya yafungwe. Wiki nzima unanionyesha wawili, na mimi naandika kwamba nitakuja kuangalia tena kesho. Leo ndiyo kesho yenyewe. Jua likifika utosini naondoka, na nikiondoka na wawili, jioni wataleta kufuli."

"Na wa tatu akipatikana?"

"Awe amechunwa na kupasuliwa, nione ini lake. Ng'ombe aliyesimama simhesabu. Hata mimi naweza kuazima ng'ombe wa jirani nikamfunga hapo mlangoni."

Mwenye kisu alicheka. Hakika alicheka, na huyo ndiye mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa yamening'inia kwenye lile bomba.

Watu wanamwita Mwisho, na si jina alilopewa na mama yake. Alilipata kazini. Kuna watu ambao hawawezi kununua nyama buchani kwa kilo, basi nyumba kadhaa za mtaa huchanga, wakanunua ng'ombe mzima, wakamletea yeye. Anachinja, anachuna, halafu anatandika turubai safi la plastiki sakafuni na kuigawa nyama mafungu kwa idadi ya nyumba zile, na fungu moja zaidi. Hilo moja zaidi ndilo ujira wake. Na hapo ndipo penye sheria aliyoachiwa na mtu aliyemfundisha kazi: anayekata hachagui mpaka wote wachague. Kila mwenye nyumba anaokota fungu lake, na litakalobaki ndilo la mkataji.

Hebu fikiria mwenyewe. Mtu anayejua kwamba kitakachokataliwa na wote ndicho watakachokula wanawe, mkono wake utampendelea nani? Jamani, mimi nimeona mizani ya kila aina, ya saa, ya mawe, ya kuwaka namba nyekundu, na zote zimewahi kuniibia. Mwisho hajawahi. Ukimwona anagawa unaweza kudhani anapanga maua. Kila fungu kipande cha paja, kipande cha mbavu, shingo kidogo, ini la kuonja. Anachuchumaa, anayatazama yale mafungu kwa upande wa wachaguaji, anahamisha mfupa huu, anarudi nyuma, anahamisha tena. Mkewe tu ndiye asiyevutiwa na maonyesho hayo.

"Tangu niolewe nakula masalia ya watu," husema, na beseni lake kiunoni. "Wenzangu waliolewa na wanaume. Mimi niliolewa na foleni, tena mkiani."

Lakini husema hivyo huku akimshikia ncha ya turubai isipeperuke.

Zamani machinjio yalikuwa mengi. Yalikuwepo ya mtoni, yalikuwepo ya kando ya reli, na yalikuwepo ya nyuma ya soko, ambayo wavulana walikuwa wanapanda ukuta kuchungulia. Kisha Kampuni ikaingia, na iliingia na tabasamu. Ilinunua ng'ombe kwa bei ambayo wafugaji hawajawahi kuisikia, wakapiga vigelegele. Wanunuzi wadogo walishindwa kuifuata bei hiyo, wakaacha kazi mmoja baada ya mwingine. Kampuni ikayanunua machinjio ya mtoni, ikayafunga. Ikanunua ya kando ya reli, ikayafunga. Mabucha yakapewa majokofu na vibao vyekundu vya kutundika mlangoni, kwa sharti la kuuza nyama ya Kampuni peke yake. Lilipobaki geti moja tu la kuuzia ng'ombe, bei ya ng'ombe ikaanza kushuka. Na kwa kuwa mabucha nayo yalichukua nyama kwenye geti hilohilo, bei ya nyama ikaanza kupanda. Mfugaji analia, mlaji analia, na wote wawili wanalilia geti moja.

Kasoro hapa kwa Mwisho. Banda la bati, bomba la ndoano, hodhi la kunyweshea ng'ombe, na yeye.

Alikuwa ameanza kugawa ng'ombe wa pili, wale wenye nyumba wakisubiri na mabeseni yao, mdogo wake alipoingia. Mdogo huyo, tumbo moja baba mmoja, alivaa ovaroli jeupe la Kampuni na viatu vya mpira vyeupe, na kwapani alibeba kibao chekundu cha bati. Kisu alifundishwa na kaka yake katika banda hilihili, na sasa alikuwa anakanyaga kwa tahadhari asichafue viatu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umepewa ruhusa au umefukuzwa?"

"Nimetumwa." Akakiegemeza kibao ukutani. "Kaka, nisikilize mara moja tu. Wamesema jokofu lipo, jipya, linakuja leo leo ukikubali. Unaweka kibao, unauza nyama ya maboksi, hakuna kuamka alfajiri, hakuna kinyesi, hakuna Muhuri."

"Nipo hapa nasikia," alisema Muhuri kutoka kwenye kiti chake.

"Samahani, mzee." Mdogo akashusha sauti. "Kaka, jioni wanafunga. Mimi sitaki uonekane unatolewa humu na askari. Nisingeweza kuangalia."

Machozi yalimlengalenga, na alikuwa anasema kweli tupu. Mwisho aliuona ukweli huo. Aliweka kisu chini, jambo ambalo halifanyi katikati ya kugawa.

"Wewe huko unafanya kazi gani siku hizi?"

"Bega."

"Bega?"

"Nyama inakuja kwenye mnyororo, inapita mbele yangu, natoa bega la kushoto. Inapita nyingine, natoa bega la kushoto."

"Na la kulia?"

"La kulia la mtu mwingine."

Wanawake wenye mabeseni waliangua kicheko, na shemeji yake, mkewe Mwisho, akacheka kuliko wote mpaka akashika ukuta. Mdogo naye alitabasamu, lakini tabasamu lilimfia mdomoni. Aliitazama mikono yake. "Juzi mtoto wangu alileta kuku nimkate," alisema. "Kuku, kaka. Nilisimama naye sijui nianzie wapi."

Hakuna aliyecheka tena. Mwisho alichukua kisu chake, akakinoa mara mbili kwenye chuma, akaendelea na mbavu.

Kule nje, kwenye hodhi, mwanamke mmoja alikuwa ananywesha maksai. Alivaa kofia ya kiume iliyopasuka ukingo, na kwa ajili hiyo wote walimwita Bi Kofia. Alikuwa mfugaji. Maksai wake alikuwa mnyama wa haja, mgongo mpana, ila ubavu ulianza kuingia ndani. Bi Kofia alikuwa ametoka kwenye foleni ya Kampuni, ambako ng'ombe husimama juani mpaka geti lifunguliwe kwa hiari ya wenye geti. Kila saa mnyama anayosimama anapungua uzito, na mwenye foleni ndiye mwenye mizani. Alikuwa amemwacha jirani amshikie nafasi, akaja kumnywesha maksai wake arudi.

Lakini hakurudi. Alisimama mlangoni na kamba mkononi, akiangalia ugawaji.

Wenye nyumba walichagua. Mmoja alizunguka turubai mara nyingi kama mtu anayechagua mchumba, akazomewa, akaokota. Mwingine aliokota lililokuwa karibu na mguu wake bila hata kuangalia. Fungu moja likabaki. Mkewe Mwisho akalizoa kwenye beseni lake, akaguna kama desturi.

"Kwa nini wewe unachukua la mwisho?" Bi Kofia aliuliza kutoka mlangoni.

"Kwa sababu nimekata mimi."

Bi Kofia aliisokota kamba. "Kule wanakata wao, wanapima wao, wanachagua wao, na bei wanataja wao. Mimi kazi yangu ni kusema ahsante." Kisha, kama mtu anayejiuliza mwenyewe, "Huyu wangu ungemnunua?"

Muhuri aliacha kuchokoa meno.

"Ningemnunua," alisema Mwisho. "Taja bei."

"Nitaje mimi?"

"Ng'ombe si wako?"

Bi Kofia alicheka kidogo, kicheko cha mshangao, akajifuta uso kwa kofia. "Nimesahau hata pa kuanzia. Haki ya Mungu, nimesahau." Kisha ugumu ukamrudia usoni. "Ila nikuulize. Anayeuza nje ya geti Kampuni inamfuta kwenye orodha yake, haimnunulii tena. Nina ng'ombe wengine nyumbani. Nikikuuzia huyu wakanifuta, na wewe jioni ukafungwa, hao wengine nitampelekea nani? Utakuwepo kesho?"

Hapo ndipo ungetaka kumkanyaga mguu Mwisho ili aseme ndiyo. Neno moja tu. Mkewe alimkazia macho, wenye nyumba wakamkazia macho. Mimi ningesema ndiyo, tena ningeapa.

"Sijui," Mwisho alisema. "Wa kwako akiwa wa tatu, akachunwa kabla jua halijafika utosini, nitakuwepo. Asipowahi, sitakuwepo. Na niko peke yangu, vijana wote wa kuchuna walishaenda Kampuni. Nikikuahidi nitakuwa nimekudanganya."

"Mungu wangu, mwanaume huyu," mkewe alisema kwa sauti ya chini, na akaifunga kanga yake upya, kwa nguvu.

Bi Kofia alimtazama maksai. Akatazama barabara iendayo kwenye foleni. Akatazama lile beseni la fungu la mwisho, lenye shingo na kipande cha mbavu na mfupa wa goti, sawasawa na mabeseni mengine yote. Kisha akasogea hatua moja, akaiweka kamba kwenye kiganja cha Mwisho na kukikunja kile kiganja kwa mikono yake miwili.

"Fanya haraka," alisema.

Akataja bei. Mwisho akakubali bila kubishana, na mkewe akatoka mbio kwenda mtaani. Sauti yake ilisikika ikipita kutoka mlango hadi mlango. "Nani anataka fungu? Nyama ya leo, si ya boksi! Wewe mwenye wajukuu, toka ndani! Unasubiri upigiwe simu?" Mwanamke aliyelalamika tangu aolewe, mtu angedhani alizaliwa kwa kazi hiyo.

Maksai alichinjwa, akatulia, akapandishwa kwa kapi. Ndipo wote wakaona tatizo lilivyo kubwa. Jua lilikuwa limeshapanda juu ya paa, na kumchuna mnyama wa ukubwa ule ni kazi ya watu wawili wenye mikono mizuri. Mwisho alianza mguuni, kisu kikipita kati ya ngozi na nyama bila kuitoboa hii wala ile, jasho likimdondoka kidevuni. Hakuangalia saa wala mtu. Alikuwa mtu mzima, na toka alfajiri alikuwa amesimama, na mkono wa kushoto aliovutia ngozi ulianza kutetemeka. Aliukung'uta, akaendelea. Ukatetemeka tena.

Mdogo wake alikuwa bado amesimama karibu na kibao chekundu.

"Kaka, hutawahi," alisema.

"Naona."

"Kaka, acha basi. Unajiua bure."

"Nikifika jioni sijamaliza, nitajua sijamaliza," alisema Mwisho, na pumzi zikimpanda. "Nikiacha sasa, nitajua nimeacha."

Mdogo aliutazama ule mkono unaotetemeka, mkono ulioushika wa kwake alipokuwa hajui hata kushika mpini. Kisha akaanza kufungua vifungo vya ovaroli, haraka haraka, kama nguo imeshika moto. Akalitundika kwenye msumari. Akavua vile viatu vyeupe, akabaki pekupeku na kaptula, akachukua kisu cha pili ukutani. Akaja mbele ya maksai, akasimama. Kisu kilikuwa mkononi, na mkono ulikuwa hewani, na hapo hapo ukakwama.

"Sijui nianzie wapi," alisema. "Kaka, wallahi, nimesahau."

"Anzia begani," Mwisho alisema, hata hakugeuka. "La kushoto. Si ndilo unalolijua? Anzia hapo, uteremke. Mengine utayakuta njiani."

Akaanzia begani. Mwanzo alikwenda kwa woga, akatoboa ngozi mahali pawili, na Mwisho akajifanya hakuona. Kisha bega likaisha, na mkono, kwa kuwa hapakuwa na mnyororo wa kumwondolea mnyama mbele yake, ukateremka kwenye mbavu. Ukazunguka. Ukafika upande wa kulia, ambao miaka yote hiyo ulikuwa wa mtu mwingine, na akatoa sauti ndogo ya mshangao, kama aliyekutana na ndugu yake sokoni. Bi Kofia alikuwa anavuta ngozi kwa mikono miwili, kofia imemwangukia mgongoni. Wakapasua. Wakatoa matumbo. Mkewe Mwisho, aliyekuwa amerudi akihema, alikosa pa kuliweka ini, akalichukua lile bati jekundu lililoegemezwa ukutani, akaligeuza upande usio na maandishi, akaliweka ini juu yake.

"Kumbe lina kazi," alisema, akampelekea Muhuri kama sinia.

Muhuri alisimama. Alitoka kwanza mlangoni, akatazama kivuli chake, akakitafuta na kukikuta chini ya viatu vyake, lakini bado kimechungulia kidogo upande mmoja. Akarudi. Akalikata ini, akalinusa, akaupenyeza mkono kifuani mwa maksai bila kuharakisha hata kidogo, maana kazi yake aliijua na hakuwa tayari kumpendelea mtu. Kisha akaulowesha muhuri na kuupiga pajani kwa nguvu kiasi kwamba mnyama mzima aliyumba kwenye ndoano.

"Watatu," alisema. "Kesho nakuja saa zilezile." Akawasha pikipiki yake. "Na kesho pia watatu, jamani. Msinitie majaribuni."

"Wa kesho ninaye mimi," alisema Bi Kofia, akikunja kamba yake tupu. "Si nimeshafutwa?"

Wenye nyumba walikuja wengi mchana ule, wengine na masufuria kwa kuwa mabeseni yalikuwa yamelowekewa nguo. Turubai likaoshwa, likatandikwa. Mwisho alikaa juu ya gogo lake la kukatia, akauweka mkono wake wa kushoto mapajani ili utulie, akamwashiria mdogo wake kwa kidevu.

"Gawa wewe."

Mdogo akagawa. Maskini, alijitahidi. Mabega aliyakata vizuri ajabu, hakuna bucha lingeyakata vile. Lakini shingo ilimshinda, mbavu zilimpotea hesabu, na alipofika kwenye miguu alikuwa anakisia tu. Alichuchumaa kama alivyozoea kumwona kaka yake akichuchumaa, akahamisha mfupa, akaurudisha, akauhamisha tena. Mwishowe akasimama. Hata mtoto angeona kwamba kati ya mafungu yale kulikuwa na moja lililojaa mifupa, goti na kwato na kipande cha shingo kisicho na nyama ya kutosha kumshibisha paka.

Watu wakachagua. Walilizunguka lile moja, kila mmoja akiwa na haya kidogo, na kila mmoja akaokota jingine. Likabaki peke yake katikati ya turubai.

Mama mmoja alimwonea huruma. Alichukua kipande kizuri cha paja kutoka kwenye sufuria yake, akainama kukiongeza.

"Mwache, mama," Mwisho alisema kwa upole. "Ukimwongezea leo, kesho atakata hivihivi."

Mdogo akainua uso aliposikia hilo. Alimtazama kaka yake kwa muda, na kaka yake alikuwa anakinoa kisu, hana habari na mtu.

Mkataji huja na chombo chake, na mdogo hakuwa na chombo. Alikwenda kwenye msumari, akalitungua ovaroli la Kampuni, akalitandaza chini upande wa kifua juu. Akapanga ile mifupa humo, mmoja mmoja, kwa uangalifu, kama mtu aliyejipatia kitu cha maana. Akaifunga kwa mikono ya ovaroli, mafundo mawili. Damu ilianza kupenya taratibu pale penye nembo ya Kampuni.

"Nipe mfupa mmoja wa goti nikuchemshie, shemeji," mkewe Mwisho alisema. "Nina uzoefu na masalia."

Mdogo alicheka, akaupachika ule mzigo begani, akatoka pekupeku kuelekea nyumbani. Vile viatu vyeupe vilibaki kando ya mlango, na jioni ile, alipofagia banda, Mwisho alifagia kuvizunguka.